Nani Alimlipa Kaka Yako?

Nyumba ya Mwisho,
Nyuma ya Karakana ya Mbao,
S.L.P. 218.
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu, nyingi kuliko bahasha hii. Vipi mgongo wako tangu mhamie ghorofa ya nne? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti lake humuuma siku za kliniki na kupona siku za harusi.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu nikikupigia simu kaka yako ataninyang'anya akusimulie yeye, na humo atakuwa shujaa peke yake. Kwa hiyo jimiminie chai, ukae, usome.

Unajua alivyokuwa alipostaafu redioni. Miaka thelathini na moja alisoma matangazo ya misiba, minada na sabuni, kisha ghafla hana cha kusoma. Mwaka mzima alizunguka nyumba akinipangia sufuria zangu upya. Nusura nimrudishe kwenu.

Mtoto wetu wa mwisho ndiye aliyemfungulia ukurasa mtandaoni. Basi kila asubuhi, baada ya chai, akawa anaingia stoo, anaegemeza godoro ukutani ili sauti isipige mwangwi, anaongea na simu dakika kumi juu ya uchaguzi wa kata yetu. Mitaro, taa za barabarani, choo cha soko, hakuna alichokibakiza. Na kila siku alimsifu yule mwanamke fundi bomba anayegombea udiwani. Watu walimpenda. Kinyozi alikuwa anawafungulia wateja sauti yake wakati wa kunyolewa. Wifi, kaka yako alinenepa!

Shida ni mazoea. Redioni kila tangazo alilifunga kwa maneno yale yale: "Tangazo hili limelipiwa." Yamemkaa ulimini kiasi kwamba hayasikii yakitoka. Kwa hiyo kila asubuhi, akishammwagia fundi bomba sifa, alimalizia hivyo hivyo, kwa sauti nzito ya taarifa ya habari. Mimi nilikuwa jikoni namsikia, na sikushtuka hata mara moja.

Aliyeshtuka ni mtu wa kambi ya pili, ya yule mwalimu mkuu mstaafu anayegombea naye, akapeleka malalamiko ofisi ya uchaguzi. Sheria ya gharama za kampeni huku haina mzaha. Ukisema maoni yako bure, mtandaoni au kibarazani, hakuna wa kukugusa. Lakini tangazo la kulipiwa lazima litaje aliyelipa, na mgombea alionyeshe katika gharama zake. Sasa kaka yako ametamka kwa kinywa chake mwenyewe, mara arobaini, kwamba tangazo lake limelipiwa. Ukurasa ukafungwa mpaka asikilizwe, na akishindwa ungebaki hivyo mpaka kura zipite.

Siku zile sitaki zirudi. Alikunywa chai akikitazama kikombe, sufuria zangu hata hakuzigusa. Niliogopa, wifi, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimempata mume wangu baada ya mwaka mzima wa kumtafuta ndani ya nyumba hii hii, na nikamwona anapotea tena.

Jioni moja fundi bomba mwenyewe alikuja, spana bado iko mfukoni. Alikuwa na njia ya mkato. Angeandika kwamba alimlipa kidogo, angeomba radhi kwa kuchelewa kutaja, wangemtoza faini ndogo, na ukurasa ungefunguliwa kesho yake. Mimi, Mungu anisamehe, nilitamani akubali.

Kaka yako aliweka kikombe chini. "Mwanangu," alisema, "miaka thelathini na moja nimesoma maneno ya watu kwa malipo. Haya ndiyo ya kwanza kuwa yangu. Usiyanunue."

Wifi, pale pale nilimpenda upya huyo ndugu yako.

Alhamisi tukaenda kusikilizwa. Ofisi yenyewe iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, feni inazunguka kwa kujilazimisha, benchi la mashahidi mguu mmoja mfupi. Ofisa ni binti mdogo, penseli kaichomeka kwenye nywele. Aliicheza rekodi moja baada ya nyingine, na kila moja ilipofika kwenye "limelipiwa" karani alijifanya anakohoa. Kaka yako alieleza habari ya mazoea. Binti akasema kila mtu anaweza kusema hivyo. Alitaka shahidi anayeijua siku yake toka asubuhi hadi jioni, lakini asiwe mtu wa fundi bomba. Kinyozi akasimama, ni wa fundi bomba. Jirani akasimama, naye vile vile. Nikamwona kaka yako anainamisha kichwa.

Ndipo binti akanigeukia. "Na wewe mama, je?"

Kumbe siku ya kuumbuka haina kengele. Mimi ni wa yule mwalimu mkuu mstaafu, tangu mwanzo, kambi ile ile iliyopeleka malalamiko! Mikutano yake nilihudhuria nikisingizia kliniki ya Mama, na Mama alijua, akanifichia siri. Sikumwambia mume wangu kwa sababu utabishanaje na mtu mwenye sauti ya redio? Na akifungiwa, mwalimu wangu angenufaika. Hilo nililijua vizuri.

Nikasimama. "Mimi ni wa mwalimu," nikasema, "na hayo anayosema asubuhi sikubaliani nayo hata robo. Lakini hajalipwa na mtu. Suruali zake nafua mimi, mifuko yote naipekua."

Ofisi nzima ilicheka, hata binti. Kisha akaandika kwa muda mrefu, akagonga muhuri. Maneno ni yake, hayahusiani na gharama za mgombea yeyote, ukurasa ufunguliwe.

Njiani kaka yako alitangulia hatua tatu mbele, na mimi nikajua nimemuumiza. Tulipofika getini akasimama. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, halafu akacheka mpaka akashika ukuta.

Jana asubuhi nilikwenda stoo kumwita chai. Nikakuta viti viwili mbele ya simu. Akaniambia nikae, nina dakika kumi, na hatanikatiza. Nikamwambia mimi si msemaji, tena mikono inanuka vitunguu. Akabonyeza simu. Nikasema habari za mwalimu, na shule, na kwamba bomba peke yake halilei mtoto. Mwanzoni nilikimbiza maneno, baadaye nikakaa sawa. Miaka ishirini na tisa nimeisikiliza sauti ya mume wangu, redioni na nyumbani. Jana yeye ndiye aliyenyamaza, akanisikiliza mpaka mwisho.

Mnisalimie shemeji, mapacha, na shangazi yenu mkubwa akija. Mama anakusalimu, anasema kura yake ni ya atakayempatia kiti kwenye foleni. Mungu awatunze huko mliko, na akujalie mgongo wa msichana.

Wako akupendaye, asiye na siri tena,

Mke wa kaka yako.