Mkono wa Kapiteni

Yaya Ngalula, dada yangu mkubwa,

Huku Kolwezi nimemwona kapiteni wa timu ya mpira ya wanawake, yule wa picha juu ya kitanda chetu. Baada ya mazoezi nilitoka mbio kumsalimia, akanyoosha mkono: "Simama apo apo, mutoto. Bachimbaji beko chini, udongo ni mwembamba."

Alipiga kisigino mara tatu, kama wafanyavyo hapa ili walio shimoni watulie mpaka watu wapite. Chini ya miguu yangu kitu kikajibu mara tatu. Akaja kunichukua. "Kanyaga penye nimekanyaga."

Nakuungamia, yaya: niliogopa. Lakini aliushika mkono wangu kwa nguvu, naye akiogopa kuliko mimi, na bado alikuja. Sasa nampenda zaidi.

Nakutakia udongo mgumu huko Lubudi. Unibusie mama.

Mdogo wako, Bibiche