Mkono Juu ya Gia

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji na wote waliomo humo ndani. Magoti yako vipi, ile dawa ya kuchua imesaidia au ndiyo kwanza yanavimba? Na Mama, siku hizi anapata usingizi? Ukiniuliza mimi, nakula, nakwenda gereji na kurudi. Zaidi ya hapo sitasema mimi ni mzima, maana nimeshadanganya vya kutosha, na ndiyo sababu ya barua hii. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kutorokea.

Ujumbe wako wa Jumapili niliupata. Umeniambia Alhamisi nikisimama mahakamani nisiyumbe, niseme vilevile nilivyomwandikia mkaguzi wa polisi: kwamba giaboksi ya lile gari niliipima kwa mikono yangu na ilikuwa nzima, kwa hiyo aliyemuua mdogo wetu Kitinda ni mkewe na uendeshaji wake wa ovyo. Umesema akifungwa, mtoto atabaki kwako moja kwa moja, na Mama ameridhia. Nimeusoma ujumbe huo mpaka nimeukariri. Sasa kaa kitako, Dada, usome mpaka mwisho kabla hujaanza kunitukana.

Unakumbuka Kitinda alivyokuwa akichora magari ya spoti kwenye ukuta wa jikoni? Mama akampa ndoo na sabuni asugue, naye akawa anasugua huku ananguruma kwa mdomo. Mtu mzima, baba wa mtoto, na ugonjwa ule haukumtoka. Alipokuwa tayari kununua alikuja kwangu nimkagulie. Nikamkatalia magari matatu. La kwanza gia ya pili ilikuwa inasaga kila ukiiweka. La pili giaboksi ilivuja oili, na mwenye gari alikuwa ameifuta muda mfupi kabla hatujafika, kitambaa bado kiko mfukoni mwake. La tatu klachi ilikuwa imekwisha kabisa. Wifi yako, ambaye gari lenyewe hakulitaka tangu mwanzo, alicheka akauliza kama mtoto atakuwa anaingilia dirishani, maana milango ni miwili tu. Kitinda hakucheka. Aliniambia kwamba mimi sitaki yeye anipite hata barabarani. Maneno yale yaliniuma, Dada, kwa sababu hayakuwa uongo mtupu.

La nne lilikuwa la kinyozi mmoja, amelifunika shuka nyuma ya kibanda chake, rangi ya buluu iliyopauka. Giaboksi inapimwa ikiwa baridi, kwa sababu oili ikishapata moto kasoro nyingi zinajificha. Niligusa boneti, nikaikuta ya moto. Kinyozi akasema eti alikuwa anachaji betri tu. Fundi mwenye akili zake angegeuka pale pale akarudi nyumbani. Mimi nilimtazama Kitinda anavyopapasa usukani, meno yote nje, nikaingia.

Nilifanya kama nifanyavyo siku zote. Nilivuta breki ya mkono, nikaweka gia ya tatu, nikaachia klachi polepole. Injini ikazima, maana yake klachi inashika. Nikapanda gia moja moja, nikashuka moja moja, nikajaribu na rivasi. Hakuna kilichokwaruza. Likabaki jambo la mteremkoni. Unaweka gia ya tatu, unaondoa mguu kwenye mafuta, unaacha injini ilizuie gari, na mkono unauweka pajani. Kama meno ya gia yamelika, hapo ndipo gia inapochomoka yenyewe ikarudi frii, na gari likabaki linajiendea. Sasa mimi unanijua. Wewe ndiye uliyeniita Fundi Mkono, kwa kuwa mkono wangu hauondoki juu ya gia hata kwenye foleni. Siku ile pia haukuondoka. Nilishuka mteremko mzima nimeishika, ikatulia.

Ingekuwa nimesahau tu, ningeshakwambia siku nyingi. Lakini nilihisi. Gia ilinisukuma kiganja mara mbili, nami nikaikandamiza irudi. Kitinda akaniuliza vipi, nikamjibu safi, chukua. Nilikuwa nimechoka kuitwa mwenye wivu. Nikajiambia nitakuja kuifungua nikipata nafasi, kama vile ni kitasa cha kabati.

Alilinunua Jumatatu. Ya Ijumaa unayajua. Kitinda alikwenda kung'oa jino, akapigwa sindano ya ganzi, akajazwa pamba mdomoni, na muuguzi akamkataza kuendesha. Wifi yako akachukua ufunguo. Walipofika mteremko wa machimbo ya kokoto akapunguza mwendo, akaweka gia ya tatu, akaondoa mguu kwenye mafuta. Alisema tangu siku ya kwanza, akiwa amefungwa bega pale hospitali, kwamba gia ilichomoka yenyewe, gari likaanza kukimbia, naye akainamisha macho aone namna ya kuirudisha. Alipoyainua, lori la kokoto lilikuwa limeegeshwa mbele yake. Sisi sote tukasema anatafuta pa kusingizia. Mimi, fundi, nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Na yeye kwa ukweli wake akaongeza jambo ambalo ndilo litakalomfunga. Alimwambia mkaguzi kwamba kabla ya kugonga lori, Kitinda alikuwa anaguna na kumnyooshea mkono, naye akausukuma ule mkono, akidhani mwenzake amezidiwa na maumivu. Mkaguzi akaandika kwamba walikuwa wanagombana ndani ya gari. Mama aliposikia hayo siku ya mazishi, alimwambia mkwewe mbele ya watu kwamba mwanawe amekufa akijitetea. Wewe ukambeba mtoto ukaingia naye ndani. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Wifi yako alinifuata baadaye nje, mkono wake umening'inizwa kwa kitambaa. Hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile kwa kinyozi niliwahi kulishusha lile gari bila kushika gia. Nikamwambia ndiyo, zaidi ya mara moja. Akaniomba radhi kwa kuniuliza. Dada, aliniomba radhi mimi.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sijamwambia mtu yeyote. Jumatano ya wiki ile ile Kitinda alinipigia simu gereji. Aliniambia gia ya tatu inamrukia akiwa mteremkoni, ameshatolewa jasho mara mbili. Ningemwambia aliegeshe tu, angenisikia. Mambo ya gari alikuwa ananisikiliza mimi kuliko alivyomsikiliza baba yetu alipokuwa hai. Lakini niliona aibu ya kurudi kwa kinyozi, niliona mafundi wenzangu watakavyonicheka. Nikamwambia ni jambo dogo, awe anaishikilia kwa mkono kama mimi, Jumamosi nitaifungua. Na nikamwambia asimwambie mkewe, asije akapata la kutusema. Akacheka, akasema sawa Fundi Mkono, siri yetu.

Aliitunza. Ijumaa pale mteremkoni, mdomo umejaa pamba, ulimi umekufa ganzi, alikuwa hawezi kusema hata akitaka. Hakuwa anagombana na mtu, Dada, wala hakuwa anajitetea. Alikuwa anawahi gia aishikilie, kama nilivyomwambia mimi.

Kesho asubuhi nakwenda kwa mkaguzi kufuta maelezo yangu na kuandika haya. Nitamwomba lile gari, ambalo bado liko uani kituoni, alifungulie giaboksi mbele ya fundi mwingine, si mimi. Watakachonifanya wanifanye. Barua hii anakuletea jirani yako ili uwe nayo kabla ya Alhamisi. Msomee Mama, ukae karibu naye unaposoma. Ukishindwa kunisamehe sitashangaa, hata mimi nashindwa kujisamehe. Lakini mtoto usimkawize kwako hata siku moja zaidi kwa kosa ambalo mama yake hakulifanya. Mfungashie nguo zake umpeleke mwenyewe, usimtume mtu. Ukifika, kabla hujaketi, mwambie wifi yako ule mkono ulikuwa unakwenda wapi. Mimi sina uso wa kumwambia.

Msalimie shemeji. Mshikie Mama miguu kwa niaba yangu, na mtoto umbusu pande zote mbili. Gereji nimeifunga leo mchana na funguo nimemwachia mwenye nyumba.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki,
Fundi Mkono