Uzi Alioubakisha Baba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, mvua imekatika.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, nyingi kama maneno yangu, na wewe unanijua. U hali gani huko? Shemeji mzima? Wanangu hawajambo? Sisi tunapumua. Mama ameanza kula tena. Baba amerudi kwenye cherehani, ingawa kuna nyakati anaikanyaga bila nguo yoyote chini ya sindano. Namwacha tu, maana sauti ile hunibembeleza.

Kifurushi nilichokiambatanisha usikifungue kabla hujasoma barua hii. Najua umeshakifungua. Haya, soma basi.

Tangu mdogo wetu Sinzia atutoke, nyumba imekuwa kama imelala macho wazi. Vitu viko palepale, lakini ukivigusa unahisi viko mbali. Kwenye simu uliambiwa alijilaza baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Mengine hukuambiwa, kwa sababu simu ilipita mkono kwa mkono na kila aliyeishika alilia.

Alijilaza kwenye benchi, humu humu ninamoandikia, mabaki ya vitambaa yakiwa mto wake. Unajua kwetu mtu aliyelala haamshwi. Baba alisimamisha cherehani asimsumbue, akaendelea kwa mkono. Jua la dirishani lilihama taratibu kutoka miguuni mwa Sinzia mpaka kifuani, na Baba akamaliza pindo zima la gauni, moyo wake umetulia kwa kuwa na mwanawe karibu. Ndivyo alivyonisimulia. Mpaka sasa nikifumba macho nauona ule mwanga ukipanda.

Hospitali walituweka kwenye ukumbi wenye vioo vya kijani. Sote tulionekana kama tuko chini ya maji. Akaja daktari mmoja, mama mnene wa sauti ndogo, akavuta kiti akakaa nasi kana kwamba hana pengine pa kwenda. Akatuomba ridhaa ya kumpasua Sinzia, ili ijulikane ni nini kilichomchukua.

Mama alikataa kabla sentensi haijafika mwisho. Shangazi naye akaongeza kwamba ukoo wetu hujaliwa kuondoka usingizini, kwamba Babu aliondoka hivyo na Baba Mdogo hivyo hivyo, sasa kwa nini mtu aliyejipumzikia akatwekatwe? Daktari hakubishana naye. Aliuliza tu Baba Mdogo alikuwa na umri gani.

Shangazi akahesabu kwa vidole. Baba Mdogo alikuwa hata hajaoa. Na Babu je? Baba hakumbuki sura yake. Dada, miaka yote hiyo tumeliita jambo hili neema, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka kwamba waliojaliwa ni vijana watupu.

"Huyu siwezi kumsaidia tena, mama," daktari akamwambia Mama. "Naomba kwa ajili ya waliobaki. Kuna watoto?"

Mama akakutaja wewe. Kisha akamtaja mwanao wa pili, yule tunayemtania kwa uvivu kwa sababu hukaa chini katikati ya mchezo akishika kifua. Alipolisema hilo, akageuka kumtazama Baba. Daktari akatazama sakafu.

 Ndipo Baba akauliza, "Mkimaliza, nani anamshona?"

Daktari akasema ni yeye mwenyewe. Baba akataka kujua anashona mshono gani. Yule mama akamwonyesha kwa kidole kwenye ukingo wa koti lake, taratibu, kama fundi kwa fundi. Baba akatazama, akaridhika. Akatoa mfukoni uzi wake mweupe, ule anaouweka kwa ajili ya nguo za maharusi, akasema, "Mshone kwa huu." Daktari akamweleza kwamba ni mwembamba, wa hospitali una nguvu zaidi, lakini atapitisha na wa Baba juu yake. Baba akasema haya, akatia sahihi. Mama akaweka mkono mgongoni kwa Baba na kuuacha hapo. Kukubali kwake kulikuwa ni huko.

Daktari alitimiza ahadi. Uzi uliobaki alimrudishia Baba mkononi, pamoja na majibu. Ukuta wa moyo wa Sinzia ulikuwa umenenepa kupita kiasi, na ugonjwa huo hurithiwa, kwetu umetokea upande wa Baba. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na mimi nilinyamaza nisimwamshe." Daktari akamhakikishia kwamba pengine hata kumwamsha kusingesaidia. Nililia, Dada, sikuficha.

Basi tukapimwa. Mama hana. Baba anao, na mimi ninao. Usiruke kwenye kiti. Ninameza vidonge, na nimekatazwa kukimbia, jambo ambalo hata hivyo sikuwahi kulipenda.

Sasa wewe. Nakuomba, nakusihi, nenda ukapimwe moyo, uwapeleke watoto wote, na aanze yule wa pili. Usiseme mpaka shule zifungwe. Wakikuuliza nani amekutuma, sema ni mdogo wako Sinzia.

Ndiyo maana ya kifurushi. Baba amewashonea watoto mashati yenye vifungo mbele, toka shingoni mpaka chini, ili daktari afikie kifua upesi na wao wasione baridi. Vifungo amevishona kwa ule uzi uliobaki. Shangazi alinung'unika kwamba si vizuri. Mama akamjibu kwamba ni vizuri sana.

Nisalimie Shemeji, na yule jirani yako mcheshi. Mama, Baba na Shangazi wanakusalimu. Mungu akutunze wewe na kizazi chako, mwamke salama kila asubuhi. Hapa siku hizi tunaamshana. Hata nikisinzia mchana, Baba huacha kazi, akaja kunigusa bega, akaniita kwa jina mpaka niitike.

Wako akupendaye daima,
Chiriku