Simu ya Boaz Imo Kabatini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usitaje kanisa langu. Mimi ni mama yake Boaz, dereva wa watafiti wa dhahabu kule Macalder, na si kwa kujisifu, lakini hapa Kosele hakuna mama mwingine ambaye mtoto wake amemletea simu ya setilaiti, maana hizi za mkononi za kawaida zikitoka Kisii zinaanza kukohoa na zikifika kwetu zinakufa kabisa, lakini hii inaongea na mbingu moja kwa moja. Wanazo mbili kazini, tajiri akamwazima moja ikae nyumbani mpaka mke wa Boaz, Filister, ajifungue mwezi ujao. Sasa kitu kizuri namna hiyo, nikakifumia kitambaa cha kroshia, nikakiweka kwenye kabati la vioo kando ya vikombe vya wageni, na kina mama wa kanisa wakija Sabato wanashangaa mpaka chai inapoa. Boaz aliniambia simu ikae nje ione mbingu, lakini mshauri, simu kama hiyo ikae nje na kuku kama jiko la makaa?

Basi wiki jana Filister akashikwa na tumbo, nikapiga nikiwa pale sebuleni, kimya, akaninyang'anya, akakimbia nayo miguu peku hadi shamba la viazi, na Boaz akaitika hapo hapo, akatutumia gari la hospitali. Kumbe uchungu ulikuwa wa uongo, mtoto bado. Boaz akaniuliza, "Mama, mbona siku zote nikipiga sikupati?" Nikamwambia simu ina ugonjwa. Sasa anakuja Jumapili airudishe kwa tajiri, na akiiondoa tunabaki na nini? Filister alinyamaza, ila jana akaniambia, "Mama, utasema wewe ama niseme mimi?" Nitamwangaliaje mtoto wangu?

Mama Boaz, Kosele, 1999

Mama Boaz, pole, na hongera kwa kijana. Lakini wewe mama! Simu umeifungia kabatini, kisha unaisingizia ugonjwa? Hakuna setilaiti inayoona kupitia mabati. Na huyo Filister amekuheshimu sana. Mwingine angeshakuanika sokoni.

Usingoje Jumapili. Leo hii simama hapo kwenye viazi umpigie Boaz: "Simu ni nzima, mimi ndiye niliyeificha." Atakasirika kidogo, kisha atacheka, si ni mwanao? Halafu mkabidhi Filister simu, ikae kwenye kigoda mlangoni pake, antena juu. Kazi ya kufukuza kuku ni yako. Kina mama wa kanisa waishangae huko huko nje.

Na kile kitambaa kifue, ukikunje vizuri. Mwezi ujao kuna mgeni wa kufunikwa.