Mfungo wa Mpira

Jumatano, 18 Februari

Majivu leo. Nimeamua – Kwaresima hii naacha mpira. Si soda, si nyama. Mpira! Mpaka Pasaka sitaangalia mechi hata moja. Timu yetu iko mkiani mwa ligi, kila wikendi inanitia homa, na karakanani nafungua friji la mteja nasahau nilikuwa natafuta hitilafu gani. Bora nipumzike.

Nimemwambia Mzee. Alikuwa kwenye sofa lake, majivu bado kwenye paji la uso, rimoti mkononi. Akanitazama kana kwamba nimehama dini. Amekuwa katekista maisha yake yote, akasema, hajawahi kumwona Mungu akikasirikia mpira. Kisha akachukua mto, akauweka mahali ninapokaa siku zote, kando yake. Ili pasikae patupu. Dada akacheka. Mimi sikucheka.

Jumapili, 15 Machi

Tumeshinda tena! Nilikuwa uani nafua nikasikia fimbo. Mzee hapigi kelele siku hizi, kifua hakimruhusu. Goli letu likiingia anagonga fimbo sakafuni.

Jioni jumuiyani, baada ya rozari, mwenyekiti akanivuta pembeni. Tunamwita Refa, maana kila ugomvi wa mtaa lazima aupulizie filimbi. Kaka, umeona? Tangu uache kuangalia hatujafungwa! Nikamcheka. Nimefika nyumbani nikazikumbuka mechi moja moja. Kweli. Sijaipenda hiyo kweli.

Jumatatu, 6 Aprili

Pasaka imekuja na raha yangu imekwenda. Jana baada ya misa niliutoa mto, nikakaa kando ya Mzee. Aleluya, tuanze! Beki wetu akajifunga kabla sijavua viatu. Tumekula tatu. Mzee akasema mpira ndivyo ulivyo, akanimegea nusu ya chungwa lake.

Refa amepita mbele ya karakana yangu leo. Hata salamu hakunipa.

Jumapili, 19 Aprili

Tumefungwa tena. Niliangalia kupitia dirisha, nimesimama nje, nikidhani huko sihesabiki. Nahesabika.

Mimi ni nuksi. Naandika humu tu, nikiyasema kwa sauti nitalia. Timu hii nimeipenda tangu Mzee ananibeba mabegani, kumbe mimi ndiye ninayeizamisha.

Jumatano, 6 Mei

Daktari wa moyo amemrudisha Mzee nyumbani. Alituita pembeni mimi na dada, akasema tumpe anachopenda. Anachopenda tunakijua.

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi kanisani. Hapakuwa na mtu. Nikapiga magoti mbele ya Tabernakulo, nikaapa: sitaangalia tena mpaka msimu uishe, ili timu isishuke daraja, Mzee asife akiiona inashuka. Nilitamka hivyohivyo. Nikatoka mwepesi, nikampigia Refa simu. Akasema amina.

Ijumaa, 8 Mei

Nimemweleza Padre. Sijawahi kumwona amewaka vile! Hiyo si nadhiri, kasema, huo ni ushirikina uliovaa rozari. Mungu hana ligi. Nakufungulia kiapo hicho, nenda ukakae na baba yako.

Rahisi kwake. Yeye hashabikii kitu ila kwaya. Na kama amekosea? Timu ikishuka nitamshika nani shati?

Jumapili, 17 Mei

Sikuangalia. Tumeshinda! Refa kanikumbatia mlangoni mwa kanisa, anasema jumuiya nzima inanitegemea. Watu wazima hao, wamebatizwa! Na mimi ndiye mkubwa wao.

Imebaki mechi moja. Tukipata sare tumepona.

Nimerudi nyumbani, Mzee ameangalia peke yake. Mto uko palepale. Aliuliza nilikuwa wapi, nikasema kazini. Akasema, Jumapili?

Alhamisi, 21 Mei

Mzee amepewa Mpako wa Wagonjwa. Aliitikia sala zote kwa sauti nyembamba, kisha akamuuliza Padre kama kipa wetu amepona goti. Padre akageukia dirishani, akafuta miwani.

Padre alipoondoka, Mzee akanishika mkono. Jumapili utakaa na mimi? Nikasema ndiyo, Baba. Ndiyo! Ulimi uliniponyoka. Mungu nimemwahidi hivi, baba yangu nimemwahidi vile. Leo nimemrudishia mteja friji lake bila kulitia gesi, kalibeba hadi kwake, karudi nalo akinitukana.

Jumapili, 24 Mei

Pentekoste. Padre kavaa nyekundu – rangi ya wapinzani wetu. Najua ni ya Roho Mtakatifu. Iliniuma hata hivyo.

Niko jikoni. Mlango wa sebuleni nimeurudishia. Nimemwomba dada amwambie Mzee nimeitwa kwa mteja, friji limekufa na limejaa nyama. Dada alinitazama kwa jicho baya, lakini akaenda kusema. Najidharau.

Fimbo! Fimbo imegonga! Tunaongoza moja. Nimeuma kitambaa cha vyombo nisipige kelele.

Kipindi cha pili. Wamesawazisha. Fimbo kimya, dada kasema "Yesu wangu", nikajua. Sare inatosha. Inatosha, inatosha. Ee Mungu, kazi yangu naifanya, sijachungulia hata kidogo. Mzee anakohoa. Anakohoa sana.

Dada ameingia, analia. Mzee anajua niko huku, amesikia nikivuta kiti. Amezima televisheni! Mpira haujaisha na amezima, yule yule aliyeangalia fainali akiwa na malaria! Dada anasema: "Ameutoa mto. Anasema haiwashi mpaka ukae. Anasema, mpira gani huo wa kuangalia peke yangu?"

Nikienda, tunashuka, na Mzee atashuka kaburini akiona. Nisipoenda –

Padre kanifungulia. Kanifungulia, si ndiyo? Mbona bado nimekaa?

"Mdogo wangu, inuka," dada anasema. Ameshika mlango.

Kwa jirani wamepiga ukelele mkubwa. Mle ndani wamo wetu wa kijani, wamo wa nyekundu. Sijui waliofurahi ni akina nani.

Fimbo inagonga. Si goli, televisheni imezimwa. Ananiita mimi. Anagonga, anapumzika, anagonga. Sasa amepumzika muda mrefu.