Niliwaambia Wanafunzi Rangi Haikutosha

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana nimefika mahali hata kuingia darasani naona uzito.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na mwaka huu nimepewa darasa ambalo wenzangu ofisini wanaliita Wasindikizaji, yaani watoto wanaoingia kwenye mtihani kuwasindikiza wenzao tu, na jina limezoeleka hadi watoto wenyewe ukiwauliza wako darasa gani wanakujibu hivyo hivyo huku wanacheka, na mimi jambo hilo likanikera, nikajiapiza kwamba safari hii tutafanya kitu ambacho shule nzima itakuja kukitazama. Tulikuwa tumefikia historia ya dunia, zile sehemu zilizogawanywa na wataalamu wa miamba tangu dunia ilipoanza hadi leo, na kwa kuwa majina yake huwapiga chenga watoto kila mwaka, nikaomba ukuta wa nje wa stoo tuchore, wazazi wakatuletea mabaki ya rangi, huyu kijani ya mlango, yule bluu ya jikoni, tukaanza kazi.

Tulichora sehemu nne. Kwanza ule wakati wa kabla ya Kambria, milima inatema moto na bahari haina samaki hata mmoja, halafu Paleozoiki yenye samaki na mimea ya kwanza, halafu Mesozoiki ya dinosaria, halafu Kenozoiki ya wanyama wanaonyonyesha, na pale kwenye kona ya mwisho mwanadamu amesimama kavaa sare ya shule yetu, hilo walilitaka wenyewe na sikuwa na moyo wa kuwakatalia. Shangazi, ukuta ulipendeza. Watoto waliokuwa wakitoroka kipindi changu wakawa wanawahi kuja kuosha brashi, na yale majina magumu wakawa wanayataja kama majina ya wachezaji. Mwalimu mkuu alipita akasimama, akaita na wengine waje waone, akasema siku ya wazazi wageni wote wataanzia pale na mmoja wa wanafunzi wangu ndiye atakayewaeleza.

Sasa sikiliza nilivyojiroga. Kitabuni mwetu hizo sehemu nne zimepangwa kwenye jedwali, visanduku vinne vinavyolingana, na mimi nikachukua kamba, nikaupima ukuta, nikaugawanya mara nne sawasawa, tena nikajisifu kwa unadhifu. Idadi ya miaka nilikuwa naijua, naifundisha kila mwaka, ila sijawahi kuikalisha pembeni ya picha. Wiki iliyopita nikaiandika ubaoni: dunia ina miaka bilioni nne na nusu na ushei, na karibu sehemu tisa katika kumi za muda huo ni hiyo ya kwanza peke yake. Kuna binti mmoja tunamwita Bi Mbona, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama hii ya kwanza imekula karibu miaka yote, mbona tumeipa nafasi sawa na ya dinosaria?"

Nikaangalia ubao, nikaangalia ukuta kupitia dirishani, nikaliona kosa langu. Ningeweza kusema nimekosea. Badala yake nikamjibu kwamba rangi haikutosha, darasa likaridhika, na yeye akakaa chini.

Kesho yake asubuhi akaja na nusu kopo la rangi ya kahawia. Baba yake ni fundi rangi, na binti alikuwa amemsimulia. Akaniwekea mezani, akasema, "Baba anasema hii itatusaidia kumalizia." Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke. Nikashukuru, nikalisukuma kopo chini ya meza yangu ofisini, na liko huko hadi leo, kila nikikaa nalipiga teke kwa bahati mbaya. Na tangu siku hiyo Bi Mbona hajauliza tena swali. Anapita kila siku karibu na ofisi, analiona kopo lake halijafunguliwa, anaingia darasani, ananakili ninachoandika, basi.

Mwalimu wa hesabu, ambaye ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, anasema ninyamaze, mgeni gani atakuja siku ya wazazi na futi ya kupimia. Mume wangu anasema nipake chokaa ukuta wote tuanze upya, yeye kwake kila kitu ni kubomoa na kuanza upya. Nikinyamaza, ninafundisha uongo mkubwa kuliko ukuta wenyewe. Nikipaka chokaa, ofisi nzima itasema si tuliwaambia, hao ni Wasindikizaji, na watoto wangu watarudi kule nilikowatoa. Nimeanza hata kufikiria kuomba uhamisho. Nifanye nini?

Mwalimu Mwenye Rangi Kwenye Kucha

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hebu acha kwanza hiyo habari ya uhamisho, utahamia wapi ambako hakuna watoto wanaouliza maswali?

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili umenichekesha na kuniudhi. Umenichekesha kwa kuzichukua zama zote za dunia hii na kuzigawanya kama kitambaa cha mapazia. Lakini hilo ni kosa la mtu anayefanya kazi, na wala si wewe wa kwanza kudanganywa na jedwali. Kitabu kilipanga visanduku sawa ili majina yaenee kwenye karatasi, hakikusema miaka inalingana. Ukuta wako haujamdhuru mtu.

Kilichoniudhi ni lile jibu lako la "rangi haikutosha". Binti alikuuliza swali ambalo mwalimu mwingine angelisubiri hadi astaafu asilisikie, tena linatoka kwa hao hao mnaowaita Wasindikizaji. Ukamdanganya, na yeye akakuamini kiasi cha kwenda nyumbani kumsumbua baba yake. Sasa anaona kopo limekaa chini ya meza na anajiambia kwamba swali lake lilikuwa la kijinga, au mwalimu wake si mkweli. Yote mawili ni mabaya, na kila siku unayochelewa unamthibitishia. Kwa hiyo usiniulize habari za ukuta. Tatizo lako linakaa kwenye dawati na limenyamaza.

Mumeo mwambie asante, chokaa abaki nayo. Rafiki yako wa hesabu mwambie hatujamaliza naye, kazi inamsubiri.

Kesho nenda kwa mwalimu mkuu kabla hajasikia kwa mwingine, umwambie kwa ufupi kwamba picha ni nzuri ila hazionyeshi urefu wa muda, na kwamba mnataka kuongeza kitu. Usilie, usijieleze sana. Kisha ingia darasani na kopo mkononi. Usiseme "kulikuwa na tatizo la kiufundi". Sema nilikosea kugawanya ukuta, mwenzenu akaliona, nikaona aibu nikasema uongo. Watakushangaa kidogo, halafu watakupenda zaidi. Watoto huwa hivyo, sisi wakubwa ndio wenye vinyongo.

Picha ziacheni kama zilivyo. Chini yake andikeni kwamba hapa tunajifunza majina na viumbe, urefu uko kwenye uzio. Shule yenu lazima ina ukuta wa uzio, na mnahitaji mstari mmoja tu wa rangi, unaoanzia getini ukazunguka hadi mwisho. Nusu kopo litatosha na kubaki. Huyo mwalimu wa hesabu aje na hiyo futi yake awasaidie watoto kupima na kugawanya, wapige hesabu wenyewe. Wataona kwamba wanatembea, wanatembea, jua linawapiga, na bado hakuna hata samaki, ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Halafu huko mwishoni kila mtu anakuja kwa kusukumana: samaki, misitu, dinosaria, ng'ombe. Na kama uzio wenu ni mrefu kama wa shule nyingi nilizoziona, huyo mwanadamu wenu mwenye sare atapata nafasi ya upana wa kidole, akizidisha sana. Mgeni akiutembea mstari huo siku ya wazazi hatausahau, na atakayemwongoza awe mmoja wa hao wanaoitwa Wasindikizaji. Tuone nani atakuwa anamsindikiza mwenzake.

Brashi ya kwanza mpe Bi Mbona, pale getini, mbele ya wenzake wote, na umwambie kwamba mstari huu umetokana na swali lake. Baba yake naye mwalike, aje aone rangi yake ilivyotumika.

Halafu endelea kufundisha, usimvizie aulize tena. Huenda akachukua muda. Lakini siku atakaponyoosha mkono katikati ya somo na kukukatiza na hiyo mbona yake, weka chaki chini, mwanangu, umsikilize hadi amalize.