Daktari Aliyeamini Salamu Zangu

Bibi yangu wa Mitwero, shikamoo.

Huku Uingereza baridi inauma, na lile sweta la mtumba tulilonunua sokoni Lindi limerudi kwao bila kunisaidia kitu.

Dawa wanayoijaribu kwa ugonjwa wangu wa uboho ni mpya kabisa. Sisi ndio watu wa mwanzo kuinywa, kwa hiyo wanaanza na kidogo, na mwili ukiikubali wanaongeza. Kila asubuhi daktari alikuwa akiniuliza, "Umeamkaje?" Nami, kama ulivyonilea, nilimjibu, "Salama, alhamdulillah." Kumbe ndiyo maana alikuwa anaongeza dozi!

Juzi muuguzi alifunua sahani yangu akakuta viazi sijavigusa. Mdomo wote ulikuwa vidonda. Daktari akaja mbio.

"Mbona kila siku unasema salama?"

"Daktari, mtu akikusalimu asubuhi, utamjibu kwa vidonda?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Dozi ameipunguza, na leo nimeweza kunywa supu. Sasa akija ananisalimu kwanza, namjibu salama, ndipo anavuta kiti na kuniuliza, "Haya, unaumwa wapi?"

Bibi, barua zako zote zinasema huko hamjambo, hofu yenu ni kwangu tu. Salamu nimezipokea kwa mikono miwili. Haya, na mimi nimevuta kiti: goti lako likoje?

Mjukuu wako anayekuwaza,
Somoe